Waliosamehe Bila Kuuliza

Wiki iliyopita tuliuacha mkono wa Mama Fundi hewani. Simu zenu nimezipata, na lawama zenu nimezisikia. Yule bwana aliyedai kwamba nilikata hadithi pale makusudi ili anunue gazeti tena, hajakosea sana. Haya, sogeeni.

Kwa wewe uliyechelewa, mambo yalikuwa hivi. Ilikuwa Jumapili, kanisa limejaa mpaka nje. Mbele amesimama Mwalimu wa Kwaya, shati jeupe, macho chini, amemaliza muda wake kwenye benchi la toba. Benchi hilo liko nyuma kabisa, karibu na ndoo za kudekia, na kila aliyekosa hukaa hapo mpaka baraza la wazee liseme yatosha.

Kosa lenyewe huwa halitajwi. Wazee wanalijua, Mchungaji analijua, waumini wanaambiwa ni "udhaifu" na wanatosheka. Kisha Mchungaji anauliza, "Mnamrudisha?" Wanaokubali wanainua mikono. Mikono ikishainuka, jambo limefungwa. Atakayelitaja tena anakwenda kukaa kwenye benchi yeye mwenyewe, kwa kosa la kufukua.

Basi Mchungaji akauliza, na Mama Fundi, mshonaji wa majoho ya kwaya, akainua mkono pamoja na kanisa zima. Akageuka nyuma aone kama kuna aliyekataa. Mlangoni alikuwa amesimama binti yake.

Binti huyu wanamwita Chiriku. Tangu mdogo alikuwa haishiwi maneno, na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kwaya ya mabinti. Lakini alikuwa hajakanyaga kanisani kwa muda mrefu, na nyumbani alikuwa anaongea kwa kukatakata kama mtu anayelipia maneno. Aliuangalia mkono wa mama yake.

"Hata wewe, mama?" alisema, akaondoka.

Mama Fundi aliushusha mkono ule upesi kama uliogusa pasi ya moto. Alipita katikati ya watu, akakanyaga miguu, akaombwa akae chini, hakukaa. Alipofika nyumbani alikuta mlango wa chumba cha cherehani uko wazi. Chiriku alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, juu yake yananing'inia majoho mapya ya kwaya, ya bluu, bado hayajapigwa pindo.

"Mwanangu, kuna nini?"

"Umemsamehe kwa kosa gani?"

"Nani, Mwalimu?"

"Ndiyo. Umemsamehe kwa kosa gani, mama?"

Mama Fundi akafikiri. Hapo ndipo alipogundua kwamba hajui.

"Nilidhani ni pombe," alisema.

Chiriku alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha hata chembe. Kisha akaziba uso kwa viganja.

"Alinifungia ndani," alisema. "Kule chumba cha majoho. Aliniambia nibaki anipime sauti. Akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Nililia, mama. Wenzangu walikuwa nje wanafanya mazoezi, na walikuwa wanaimba kwa nguvu kwa sababu yeye ndiye aliyewaambia waimbe kwa nguvu."

Sitaandika yote aliyosema. Gazeti hili linasomwa mezani mbele ya watoto, na mama mzazi alipoyasikia aliketi sakafuni pembeni ya mwanawe na kumkumbatia. Joho moja lilianguka na kuwafunika wote wawili, na hakuna aliyejisumbua kulitoa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimwambia Mama Mchungaji. Nilidhani ndiyo njia. Akasema nimwachie yeye, nisikwambie wewe kwa sababu una presha, nitakuua. Nikangoja. Kila siku nikangoja. Halafu leo rafiki yangu akaniambia Mwalimu anahukumiwa mbele ya kanisa. Nikaja nione anavyohukumiwa."

Nyie mnaosoma hapo, msianze kumlaumu mtoto. Alikwenda mahali alipofundishwa kwenda.

Mama Fundi hajamaliza hata kufuta machozi, sauti ya mumewe ikasikika uani. Alikuwa anacheka na jirani. Baba huyu kazi yake ni kupima mizigo kwenye ghala, na watu wanamwita Mizani, kwa kazi yake na kwa haki yake. Hapendelei mtu. Kanisani ni mzee wa baraza, na baraza likikwama hugeuka kumsikiliza yeye. Siku hiyo alikuwa amepongezwa njia nzima.

Mama Fundi alimwonyesha Chiriku apite nyuma ya pazia, akatoka sebuleni.

"Mama Chiriku, mbona umekimbia ibada? Watu wameniuliza."

"Baba Chiriku, Mwalimu alifanya nini?"

Mizani akavua koti taratibu. "Ya barazani hayatoki barazani. Unajua hivyo."

"Nimekuuliza alifanya nini."

"Mke wangu, leo umeamkia upande gani?"

"Alifanya nini?"

Miaka ishirini na kitu ya ndoa, mwanamke huyu hajawahi kuuliza swali moja mara tatu. Mizani akashusha sauti.

"Alimkosea heshima binti mmoja."

"Binti gani?"

"Jina halitajwi. Tunamstahi mtoto wa watu. Hata mimi sikuambiwa."

"Na adhabu? Kumkosea heshima binti wa watu ni kukaa karibu na ndoo za kudekia kwa muda, kisha makofi?"

"Baraza liliona inatosha."

"Nani alisema inatosha?"

Mizani akakohoa. Akatafuta mahali pa kutundika koti lake, na msumari ulikuwa mbele ya macho yake.

"Mimi," alisema. "Wengine walitaka afukuzwe. Nikawaambia tusimharibie mtu maisha kwa neno la binti mmoja. Nikasema mabinti wa siku hizi nao, huwezi jua, pengine alijipeleka mwenyewe. Wakanielewa. Ndiyo kazi ya mzee hiyo, kuweka mambo sawa."

Pazia lilisogea. Chiriku akatoka, akasimama mbele ya baba yake.

Mizani alimwangalia mwanawe. Akamwangalia mkewe. Akatabasamu kidogo, kama mtu anayengoja aambiwe ni utani, na tabasamu likakaa pale usoni bila kuwa na pa kwenda.

"Si yeye," alisema. "Mama Chiriku, niambie si yeye."

"Sikujipeleka, baba," Chiriku alisema. "Aliniita."

Koti lilimponyoka mkononi. Mwanaume huyu, ambaye makuli wa ghala zima wanamwogopa, alipiga magoti mbele ya mtoto wake na kushika miguu yake. Alilia kwa sauti. Chiriku alisimama tu, hajui aweke wapi mikono yake, na mwishowe akarudi nyuma hatua kadhaa, akaingia chumbani, akafunga mlango.

"Hata kunishika hataki," Mizani alisema.

"Ulitaka akushike kwa lipi?" Mama Fundi alijibu.

Jioni haijaingia wakawa wameshafika kwa Mchungaji. Ofisi yake iko ubavuni mwa kanisa, kiti kimoja kizuri na vingine vya plastiki. Aliwapokea kwa furaha.

"Mzee wangu, leo tumeandika historia. Kanisa linalosamehe ni kanisa lililo hai. Karibuni."

Mizani hakukaa. "Mchungaji, yule binti wa barazani ni mwanangu."

Mchungaji akavua miwani. Akaanza kuifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Nani amekwambia?"

"Mwanangu."

"Pole sana. Pole sana, mama. Tuombe kwanza."

"Tutaomba baadaye," Mama Fundi alisema. "Kesho kutwa Mwalimu anaondoka na mabinti kwenda kambi ya kwaya. Wanalala huko. Mimi ndiye ninayewashonea majoho, nimewapima mmoja mmoja, na wadogo hawanifiki hata kiunoni. Nataka asiende. Hilo tu."

Mchungaji akapumua kwa kirefu.

"Mama, mikono imeinuka asubuhi ya leo. Wa kwako ulikuwemo, niliuona."

"Niliinua kwa sababu mlinificha."

"Hatukuficha, tulistahi. Jambo likishainuliwa mikono, hata mimi sina uwezo wa kulifungua. Huo ndio utaratibu tulioukuta."

"Basi mimi nafuta pendekezo langu," Mizani alisema. "Mimi ndiye niliyesema inatosha. Sasa nasema haitoshi."

"Mzee, juzi ilitosha kwa mtoto wa mwenzio. Leo haitoshi kwa sababu ni wako? Nikisimama mbele ya baraza na maneno hayo, watakuelewaje?"

Mizani alikuwa amepigwa usoni na ukweli, na aliyempiga nao alikuwa hastahili kuushika.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Mchungaji na birika la chai. Alipomwona Mama Fundi, alisimama palepale.

"Chiriku amesema?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, amesema. Wewe ulikuwa unangoja nini?"

"Mimi nilimwambia Baba Mchungaji siku ileile. Naapa, siku ileile. Nikajua ndilo lililopelekwa barazani."

Mizani aligeuka taratibu. Kichwani mwake kulikuwa na kitu kinachokataa kukaa sawa, na kazi yake yote ni kujua kitu kisipokaa sawa.

"Ngoja," alisema. "Barazani mlituambia yule binti alikuwa anakuja kufagia kanisa siku za Jumamosi. Mkatuambia wazazi wake wameshahama mji. Ndiyo maana sikuwaza nyumbani kwangu hata kidogo. Chiriku hajawahi kufagia kanisa. Na mimi sijahama."

Mama Mchungaji akalitua birika kwenye kiti cha plastiki.

"Mchungaji, yule binti ni nani?"

"Mwingine," Mchungaji alisema.

"Na la Chiriku?"

"Nililiweka kando kwanza. Lilikuja katikati ya hilo jingine. Nikaona tukiyaleta yote mawili kwa pamoja, kanisa litapasuka. Nikasema adhabu ni ileile, toba ni ileile, basi yanaingia pamoja."

"Yanaingia pamoja," Mama Fundi alirudia. "Mwanangu ameingizwa kwenye msamaha wa mwenzake."

"Mwalimu kule alikotoka je?" Mizani aliuliza. "Alikuja kwetu akitokea kanisa jingine. Kule aliondokaje?"

Mchungaji aliigeuzageuza miwani mkononi.

"Mwambie," Mama Mchungaji alisema.

"Askofu aliniambia nimpokee, nisiulize mengi. Akasema ni kijana mwenye kipawa, anahitaji mazingira mapya." Mchungaji alikuwa anaongea na miwani yake. "Mtu akiletwa na Askofu, mimi ni nani nimchunguze? Nilidhani wao wameshamchunguza. Na wao, nadhani, walidhani nitamchunguza mimi."

Wasomaji wangu, hapo ndipo pa kushika kichwa. Huyu anadhani yule ameangalia, yule anadhani huyu ataangalia, na mabinti wako katikati wanapimwa sauti.

Walikaa pale mpaka chai ikapoa bila mtu kuigusa. Mama Fundi alilia, akaacha, akaanza tena kuomba lilelile moja: asiende kambini. Mwishowe Mchungaji alichoka, au aliona haya, sijui.

"Kumzuia siwezi, watu watauliza kwa nini," alisema. "Lakini nitafanya hivi. Mama Mchungaji atasafiri nao. Atalala chumba kimoja na mabinti, ufunguo ataushika yeye. Mwalimu hatakaa na mtoto yeyote peke yake. Nitamwambia Mwalimu leo hii. Neno langu hilo."

"Nitakwenda," Mama Mchungaji alisema haraka. "Mama Fundi, niangalie. Hili nitalifanya."

Ilikuwa kidogo mno, lakini mtu anayezama hachagui kamba. Walikubali.

Najua mnachotaka kuniuliza. Polisi je? Walikwenda, siku iliyofuata, asubuhi. Afisa wa mapokezi aliwapokea vizuri sana, akawapa viti, akachukua kalamu. Walipotaja jina la Mwalimu wa Kwaya, akaiweka kalamu chini.

"Lakini hili si lilisamehewa jana? Hata mimi nilikuwepo. Niliinua mkono."

"Uliinua kwa kosa gani?" Mama Fundi alimuuliza.

Afisa alijikuna shingo. "Nilidhani ni mambo ya wanawake. Ya watu wazima, namaanisha." Akaishika kalamu tena. "Sawa, mleteni binti. Aje aeleze mwenyewe, nitaandika. Bila yeye sina la kuandika."

Wakarudi nyumbani kumwomba Chiriku. Alikataa. Alisema kituoni pale kuna waimbaji wawili wa kwaya ya kina baba, na mke wa mmoja wao ndiye anayewasuka nywele mtaa mzima. Alisema ikifika jioni atakuwa anatajwa kila kibaraza. Halafu akashika mikono yote miwili ya mama yake.

"Mama, usitaje jina langu. Popote. Niahidi."

Mama Fundi akaahidi. Angefanya nini? Mtoto ameshafungiwa mlango mmoja, yeye amfungie wa pili?

Kilichobaki mkononi mwake ni majoho. Usiku kucha aliyatazama. Asubuhi ya safari aliyakunja yote, akayafungia kabatini, akatia ufunguo kifuani, akaenda kanisani mikono mitupu. Mizani alimfuata nyuma.

Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa wazazi. Basi limekuja, injini inaunguruma, dereva anafuta kioo. Mabinti wamevaa sare za mazoezi, wanarukaruka, wanagombania viti vya dirishani. Mwalimu wa Kwaya alikuwa anabeba mabegi ya wadogo, anawapakia mmoja mmoja, anataniana na kina mama. Watu walimpenda mtu yule. Hilo ndilo baya lenyewe.

"Mama Fundi, majoho yako wapi?" aliita, uso mkunjufu. Alikuwa hana wasiwasi hata wa dawa.

"Sijayaleta."

"Hayajaisha?"

"Yameisha. Siyatoi."

Wazazi wakageuka. Mama mmoja mnene, muuza vyombo sokoni, anayependa mambo yaende, akaweka mikono kiunoni.

"Huyatoi kwa nini? Wanangu wawili wanaimba leo hii, waimbe na nini, na sare za mazoezi?"

"Wasiende," Mama Fundi alisema. "Nawaomba wazazi wenzangu. Wasiende na huyu."

"Wasiende kwa nini?"

Macho yote kwake. Jibu alikuwa nalo mdomoni, zima, na alichotakiwa kufanya ni kutaja jina moja tu. Akakumbuka mikono ya mwanawe.

"Siwezi kusema."

"Huwezi kusema," muuza vyombo alirudia, akawageukia wenzake. "Anatuvunjia safari, na sababu hawezi kusema."

"Huku ni kufukua," mzazi mwingine alisema kwa nyuma. "Mtu kasamehewa Jumapili, leo anafukuliwa."

Mizani alisogea mbele.

"Sikilizeni," alisema. "Mimi ni mzee wa baraza. Ninalijua kosa lake. Huyu mtu hafai kukaa na watoto."

Pale, kwa mara ya kwanza, watu walishtuka kweli. Muuza vyombo alimvuta mwanawe wa karibu akamweka ubavuni. Mama mmoja akaanza kumwita binti yake ashuke. Kwa kitambo kidogo Mama Fundi aliamini yamekwisha, wamepona.

Mchungaji akapita katikati ya watu bila haraka. Alikuwa hana sauti kubwa, wala hakuihitaji.

"Mzee wetu Mizani," alisema. "Wote hapa tunajua haki yako. Naomba uwaambie wazazi hawa jambo moja tu. Barazani, nani alisema kosa la Mwalimu si la kumfukuza?"

Mizani aliwaangalia wazazi, akamwangalia mkewe.

"Waambie, mzee."

"Mimi," Mizani alisema.

"Na kosa lake unalijua."

"Nilikuwa silijui lote."

"Ulilijua la kutosha kulitolea hukumu," Mchungaji alisema kwa upole, na upole wenyewe ulikuwa mbaya kuliko kofi.

Muuza vyombo akamwachia mwanawe. Alitikisa kichwa, akatema mate pembeni. "Wazee wengine bwana. Jumapili anampitisha, katikati ya wiki anamkataa. Watakuwa wamekosana mambo yao. Pandeni, watoto, pandeni."

Wakapanda. Mama Fundi alimshika Mchungaji mkono.

"Mama Mchungaji yuko wapi? Ulitoa neno lako."

"Anajiandaa. Atakuja sasa hivi."

Ndipo Mama Fundi alipomwona. Alikuwa anakuja kutoka upande wa barabara, begi begani, amevaa sare yake ya mazoezi ya zamani iliyokuwa imeanza kumbana mabegani. Chiriku. Alipita katikati ya watu bila kumwangalia mtu, akampita hata Mwalimu, ambaye tabasamu lake kwa mara ya kwanza lilipotea. Akaweka mguu kwenye ngazi ya basi.

Mama Fundi alimkimbilia. "Unakwenda wapi? Chiriku, mwanangu, shuka."

Chiriku aliinama, akaongea karibu na sikio la mama yake.

"Nilikuwa nimesimama nje ya ukuta. Nimesikia yote. Nyie hamuwezi, mama. Si kosa lenu, lakini hamuwezi. Mimi ninamjua anavyofanya. Hatanipita akawafikia hawa wadogo."

"Na wewe nani atakulinda?"

Chiriku alimbusu mama yake shavuni, akaingia ndani. Kupitia dirishani alionekana anawahamisha mabinti wadogo kwenda viti vya nyuma, naye akakaa mbele yao, kwenye kiti cha njiani.

Mlango ukafungwa. Basi likaanza kuondoka.

Mama Fundi alipiga ubavu wa basi kwa kiganja, akapiga tena. Alisema dereva asimame, alisema kuna mtu bado, alisema mambo hata yeye mwenyewe hakuyaelewa. Mizani alikuwa anakimbia upande wa pili, koti linapepea. Dereva aliwaona kwenye kioo. Akadhani ni wazazi wenye uchungu wa kuagana, maana hao huwaona kila safari, akawapigia honi ya furaha na kuongeza mwendo.

Vumbi likatulia. Muuza vyombo akamkaribia Mama Fundi. Hakuwa mtu mbaya, nawaambieni. Alimpangusa bega kwa upande wa mkono.

"Kumbe hata wako umempeleka," alisema, akicheka kidogo. "Mwenzangu ulitutisha bure. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumteremsha mwanangu. Nilipoona Chiriku anapanda, nikasema basi, kama fundi mwenyewe kamtoa wa kwake, hakuna neno."

Na wale wengine waliokuwa wamesitasita waliitikia kwa vichwa. Wote walikuwa wameona hivyohivyo.

Mama Fundi alitaka kuwaambia. Uwanja ulianza kuwa mtupu, watu wanarudi makazini, wanaulizana bei ya nyanya.

Mlango wa nyumba ya Mchungaji ukafunguliwa. Akatoka Mama Mchungaji, amevaa nguo za safari, begi mkononi, shuka la kulalia kwapani. Aliangalia mahali basi lilipokuwa. Akamwangalia Mama Fundi, kisha mumewe.

"Watoto wako wapi?" aliuliza.

Mchungaji alikunja uso. "Wameshaondoka. Ulikuwa wapi?"

"Wameondokaje? Mwalimu alinipigia simu alfajiri. Aliniambia umesogeza safari mpaka mchana."